UZI: Walitwaa ubingwa wa Sweden Novemba, Desemba wakatangaziwa timu inafungwa. Historia ya Göteborg hadi BK Häcken ya akina Aisha Masaka

mama_hisingen (mleta uzi)

Wakuu, habari za mchana.

Juzi kwenye ule uzi wa Aisha Masaka, mshambuliaji wetu Mtanzania, kuna mdau aliuliza, "Hivi hiyo Häcken aliyochezea kabla ya kwenda Brighton ni timu gani hasa?" Nilianza kumjibu, nikajikuta nimeandika aya sita, nikafuta. Nimeona heri nifungue uzi, maana historia ya timu ile inatugusa moja kwa moja sisi wenye timu za wanawake za Simba Queens, Yanga Princess na JKT Queens.

Mimi nipo Göteborg mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Timu hii niliijua kabla haijaitwa Häcken, kupitia bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya wasichana wamevaa jezi, na kila Jumatatu lazima nimsomee matokeo gazetini kabla hajakubali kunywa chai. Kwa hiyo nitakayosimulia mengine nimeyaona, mengine nimeyasikia kwa watu waliokuwa na timu hiyo tangu zamani.

Nianze na jina. Häcken hutamkwa karibu na "Hekken", na maana yake ni ua wa mimea, kama ule wa michongoma tunaozungushia nyumba kwetu. Klabu ya wanaume ilianzishwa 1940 na vijana wa Hisingen, upande wa pili wa mto, mtaa wa viwanda na bandari. Jezi zao ni njano na nyeusi, ndiyo maana wanaitwa Nyigu.

Timu ya wanawake haikuzaliwa hapo. Mizizi yake iko Landvetter, mji mdogo mashariki mwa Göteborg, ule wenye uwanja wa ndege. Ukitua huku kwa ndege umetua Landvetter. Lotta Schelin, yule mshambuliaji aliyekuja kutamba Lyon ya Ufaransa, aliichezea timu hiyo akiwa kijana na akaendelea nayo ilipohamia mjini. Miaka ya 2000 ikachukua jina la Göteborg, na mbele ya jina la mji likawekwa jina la mfadhili: Kopparbergs/Göteborg FC. Kopparbergs ni kampuni ya vinywaji, inajulikana zaidi kwa pombe ya tufaha.

Naomba hilo la jina mlishike, nitalirudia.

Naendelea kwenye posti inayofuata, simu inaita kazini.

---

kipa_namba1

Nimeweka kambi hapa mama. Endelea.

---

Jangwani Damu

Shikamoo mama. Masaka katoka kwetu Yanga Princess, njano na kijani, kaenda kuvaa njano na nyeusi. Njano haijamwacha. Tunasubiri muendelezo.

---

mama_hisingen

Marahaba mwanangu. Nimerudi.

Timu ya Kopparbergs/Göteborg haikuwa timu ya kubeba makombe kila mwaka. Enzi za Umeå na Mbrazili wao Marta ligi ilikuwa ya Umeå, baadaye ikawa ya Malmö, ambao leo ni Rosengård. Göteborg walikuwa watu wa nafasi za juu, wanakukera, wanakutoa jasho, lakini ubingwa hawaugusi. Walipata Kombe la Sweden 2011 na 2012. Mwaka 2012 walikuwa na Mmarekani Christen Press, na Ulaya walifika robo fainali wakatolewa na Arsenal. Wenyeji walikuwa wanaiheshimu timu yao, ila walishazoea kusema "mwakani".

Halafu ikaja 2020. Mwaka wa corona, ligi ilichelewa kuanza, viwanja vitupu, unasikia kocha anavyopiga kelele kama uko mazoezini. Kocha alikuwa Mats Gren. Langoni Jennifer Falk. Nyuma Mfini Natalia Kuikka, katikati Mnorwe Vilde Bøe Risa, mbele Stina Blackstenius na Rebecka Blomqvist. Wakashinda, wakashinda, na Novemba wakawa mabingwa wa Sweden kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Bibi yangu yule alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Siku ile nilipita nje ya jengo alilokuwa anaishi, nikasimama kidogo.

Desemba wakacheza Ulaya na Manchester City. Nyumbani wakafungwa 2-1, ugenini 3-0. Hakuna aibu, City ni City. Watu wakaanza kuhesabu mwaka ujao: tutasajili nani, nani atabaki.

Tarehe 29 Desemba 2020, katikati ya Krismasi na mwaka mpya, watu wapo majumbani na familia zao, uongozi ukatoa taarifa kwamba timu inafungwa. Hawakusema inauzwa wala inashushwa daraja. Inafungwa. Bingwa wa nchi, hajamaliza hata miezi miwili na kombe lake.

Sababu waliyotoa mjue kwamba haikuwa "hela zimeisha". Walisema soka la wanawake Ulaya limekua, wanaoshika usukani sasa ni timu za wanawake zilizo ndani ya klabu kubwa za wanaume, zenye viwanja vya mazoezi, madaktari, akademi na kila kitu. Wakasema klabu iliyosimama peke yake kama yao haiwezi tena kuwapa wachezaji mazingira hayo, basi wameona wakae pembeni.

Hoja yenyewe, ukiitazama kwa utulivu, ina ukweli. Kilichowauma watu ni namna. Bodi ilikaa, ikaamua, ikatangaza. Wachezaji wenye mikataba, watoto wa timu za vijana, mashabiki wa miaka thelathini, wote wamesoma habari kwenye simu.

---

Mzee wa Mlandizi

Mama hapo umenigusa. Mimi ni wa Pwani, na wengi humu watakuwa hawajui kwamba bingwa wa kwanza kabisa wa ligi kuu ya wanawake Tanzania, msimu wa 2016/17, hakuwa Simba wala Yanga wala JKT. Alikuwa Mlandizi Queens. Timu ya mji wa barabarani, mabasi ya Morogoro yanapita, watu wananunua mahindi ya kuchoma. Nilikuwepo. Mabinti wale walikuwa wanafika mazoezini na raba zimefungwa kwa kamba ya katani.

Leo muulize kijana wa miaka ishirini bingwa wa kwanza ni nani, atakwambia Simba Queens. Sasa kama hoja ni kwamba timu ndogo zikae pembeni klabu kubwa zipite, historia yetu ataibeba nani?

---

mama_hisingen

Mzee wangu, ulichosema ni haki, na naomba usiondoke kwenye uzi, maana simalizii kwa kusema wakubwa waachiwe kila kitu.

Nimalizie kwanza ya Desemba. Kelele zilizopigwa siku ile mjini sijawahi kuzisikia kwa jambo la michezo ya wanawake. Wachezaji wa timu pinzani waliandika. Wazazi waliandika. Dereva wa basi ninalopanda alfajiri, mtu ambaye kwa miaka sijawahi kumsikia akizungumza zaidi ya "asubuhi njema", aliniuliza, "Umesikia walichofanya?" Ndani ya siku mbili ikatoka habari kwamba kuna mazungumzo na BK Häcken waichukue timu yote: nafasi yake kwenye ligi, wachezaji, nafasi ya Ulaya.

Hapa ndipo pana somo ambalo mimi nalitaka lifike nyumbani. Häcken ni klabu ya wanachama. Sweden sheria ya michezo inataka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura, tajiri hawezi kuja kununua klabu ikawa yake. Kwa hiyo uongozi wa Häcken haukuweza kusema tu "njooni". Ilibidi uitishwe mkutano wa wanachama. Januari 2021 wanachama wakapiga kura, wakakubali.

Desemba timu iliuawa na watu wa meza moja, Januari ikafufuliwa na mamia ya watu wenye kadi. Kadi ile mimi ninayo sasa. Si kitu cha gharama. Ila siku mtu akitaka kuifunga timu hii tena, itabidi aje asimame mbele yangu mkutanoni aniambie kwa nini.

---

kipa_namba1

Swali mama: kwani wachezaji hawakukimbia? Mimi ningekuwa mchezaji nimesoma habari hiyo Desemba 29, Desemba 30 ningeshampigia wakala.

---

mama_hisingen

Baadhi waliondoka, kweli. Blomqvist alikwenda Wolfsburg, Kuikka akaenda Portland Marekani. Bøe Risa alicheza nusu ya kwanza ya msimu kisha akaenda Manchester United. Lakini uti wa mgongo ulibaki. Falk alibaki. Blackstenius alibaki mwaka mzima wa 2021 ndipo akaenda Arsenal, na huyo ndiye aliyefunga goli pekee Arsenal walipoifunga Barcelona fainali ya Ligi ya Mabingwa 2025 kule Lisbon.

Mwaka huohuo wa kwanza wakiwa Nyigu walichukua Kombe la Sweden, wakamaliza wa pili kwenye ligi, na wakaingia hatua ya makundi Ulaya, kundi moja na Lyon, Bayern na Benfica. Kwa timu iliyokuwa imeshaandikiwa tanzia miezi michache nyuma.

Mwaka 2022 ndipo Masaka akatua kutoka Yanga Princess.

---

mtoto wa Kirumba

Na kabla ya Yanga alipita Alliance Girls ya kwetu Mwanza, tusisahauliwe.

Mama, ulishawahi kumuona uwanjani kwa macho?

---

mama_hisingen

Nilishamuona, na nitakueleza ilivyokuwa.

Uwanja wa Häcken wakati ule uliitwa Bravida Arena, uko hapo Hisingen, mdogo tu, watu hawafiki elfu saba, nyasi bandia. Unapanda tramu kutoka katikati ya mji, unavuka daraja, unashuka na kutembea dakika chache. Mechi niliyokwenda ilikuwa ya ligi, vuli ya 2023, jua limeshaanza kuzama mapema na upepo wa mtoni unapenya hadi kwenye mifupa. Nilikwenda na binti yangu ana miaka tisa. Nimebeba chupa ya chai ya tangawizi na maandazi kwenye mfuko, kama nakwenda safari ya Dodoma.

Tulikaa karibu na kona wanapopasha misuli wachezaji wa akiba. Masaka akaja na wenzake, koti limefungwa hadi kidevuni, anakimbia kwa hatua fupi fupi, anarudi. Binti yangu amezaliwa huku, Kiswahili chake ni cha nyumbani tu, cha "kula", "lala", "usiguse". Akainuka akapaza sauti: "Dada Aisha! Dada Aisha!" Masaka akageuka haraka, kama mtu aliyeitwa na mama yake, akatafuta kwa macho mpaka akatuona, akaweka mkono kifuani.

Ndiyo hivyo tu. Kiswahili kimesikika kwenye baridi ile, na aliyeitwa amegeuka. Mwanangu alirudi nyumbani akaniuliza Yanga Princess ni nini, tukakaa mpaka saa nne usiku namwelezea Jangwani, nyumbani kwa Yanga.

Msimu ule ndio Häcken walitikisa Ulaya. Kundi lilikuwa na Chelsea, Real Madrid na Paris FC. Wakamfunga Real Madrid nyumbani 2-1, wakatoka 0-0 Stamford Bridge, wakafuzu robo fainali nyuma ya Chelsea. PSG ndio waliowatoa. Na Masaka akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake Ulaya. Agosti 2024 akaenda Brighton.

---

Jangwani Damu

Mama umeniliza. Hilo la mkono kifuani.

Ila nina hoja. Kwa maelezo yako, timu iliyosimama peke yake ilikufa, iliyoingia kwenye klabu ya wanaume ikapona. Basi si ndiyo njia? CAF wenyewe, shirikisho la soka Afrika, wameweka kwenye leseni kwamba klabu ya wanaume ikitaka kucheza mashindano yao lazima iwe na timu ya wanawake. Simba Queens 2022 walibeba kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, wakaenda Morocco wakafika nusu fainali ya Afrika, wakafungwa 1-0 tu na Mamelodi Sundowns. Timu ya Mlandizi, kwa heshima zote kwa mzee, ingefika huko?

---

Mzee wa Mlandizi

Hujanikosea mwanangu. Pengine isingefika. Lakini JKT Queens hawana timu ya Kariakoo, Simba au Yanga, nyuma yao, na 2023 walibeba CECAFA wakaenda Ivory Coast kwenye mashindano hayohayo ya Afrika. Wana jeshi: chakula kipo, kambi ipo, binti anajua kesho atalala wapi. Kwa hiyo tusiseme dawa ni klabu ya wanaume. Dawa ni kuwa na uhakika wa kesho. Klabu ya wanaume nayo ikiyumba, ya kwanza kukatwa ni ipi? Mimi nimeona timu moja, siitaji jina, wanaume wamefungwa mechi tatu, mabinti ndio wamenyimwa nauli.

---

mama_hisingen

Mzee, hapo ndipo nilipokuwa nakuja, umenitangulia.

Mfano wa Sweden ambao kila mtu huku anaujua ni Tyresö, timu ya kusini mwa Stockholm. Walichukua ubingwa 2012. Wakajaza nyota: Marta, Caroline Seger, Verónica Boquete, na Christen Press akatoka Göteborg akawafuata. Mei 2014 wakacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Lisbon dhidi ya Wolfsburg. Wakaongoza 2-0. Wakafungwa 4-3. Marta kafunga mawili siku hiyo. Na wakati fainali inachezwa, klabu ilikuwa imeshazama kwenye madeni. Msimu wa 2014 hawakuumaliza, walijitoa ligi katikati, matokeo yao yakafutwa.

Na Tyresö ilikuwa klabu yenye wanachama, yenye historia. Kwa hiyo Mzee uko sahihi: hata kadi ya uanachama haitoshi ikiwa hakuna anayeuliza mahesabu. Wenye kadi pale waliona Marta, wakasahau kuuliza analipwa na nini. Mimi pia ningesahau, nasema kweli. Ukimuona Marta anapokea mpira humuwazii mhasibu.

Nirudi kwenye lile jina nililowaomba mlishike. Jina la kampuni lilikaa mbele ya jina la mji kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Kampuni ile iliwasaidia, silaumu, bila fedha zake huenda timu isingefika hata 2010. Ila mtoto akizoea kuitwa kwa jina la anayemlisha, siku mlishaji akichoka, mtoto hana jina. Ligi yetu yenyewe iliwahi kubeba jina la bia, Serengeti Lite, na tulifurahi kwa sababu hela iliingia. Tufurahi, ndiyo. Lakini nani anajua mkataba ulisema nini siku ya kuondoka? Sisi mashabiki wa soka la wanawake hatuulizi, tunaona kuuliza ni kukosa shukrani, tunaogopa wakisikia tunauliza wataondoka.

Ombi langu kwa wenye kadi za Simba na Yanga humu ndani ni moja. Kwenye mkutano mkuu, mkimaliza kuuliza ya usajili wa mshambuliaji na ya uwanja, mmoja wenu anyanyuke aulize: bajeti ya Queens ni kiasi gani, ya Princess ni kiasi gani, na iko kwenye karatasi gani? Kama haiko kwenye karatasi, basi ni hisani, na hisani hukoma siku isiyo na taarifa. Göteborg ilikoma tarehe 29 Desemba.

---

mtoto wa Kirumba

Nina kadi. Nitauliza. Naandika hapa ili nisije nikajificha.

---

kipa_namba1

Mama, jambo la mwisho kutoka kwangu mimi mlinda mlango wa mchangani. Je, ule ubingwa wa 2020 umehesabiwa kuwa wa nani sasa? Häcken wanaudai, au umezikwa na jina la zamani?

---

mama_hisingen

Swali zuri sana mwanangu.

Häcken walichukua timu nzima pamoja na historia yake, kwa hiyo 2020 inatajwa, ila daima kwa jina la zamani. Wazee wa Landvetter bado wanasema ni wa kwao, na mimi naona wana haki.

Baada ya hapo Nyigu wakawa wanakaribia, wanakosa. Mwaka 2023 walilingana pointi na Hammarby, Hammarby wakachukua kwa tofauti ya magoli. Huo ulikuwa usiku mbaya nyumbani kwangu, binti aligoma kula. Mpaka 2025 ndipo wakawa mabingwa, mara ya kwanza wakiwa wamevaa njano na nyeusi.

Na kwa kuwa wewe ni mlinda mlango nikwambie hili: Jennifer Falk, kipa wa dhahabu ya 2020, yule aliyetangaziwa kwenye simu kwamba timu yake haipo tena, alikuwa bado yupo.